Waya Mmoja wa Simu Zote, Isipokuwa ya Mama

Habari za kifo chake zilinifikia Jumanne asubuhi, simu yangu ikiwa imechomekwa ukutani karibu na birika, nami nimesimama na kikombe mkononi nikiinung'unikia chai iliyokosa sukari. Kioo kikawaka. Jina lililotokea lilikuwa lake mwenyewe, "Fundi Kona", vile nilivyomhifadhi miaka mingi iliyopita, na kwa muda wa pumzi mbili nilifurahi kwamba amepata nafuu na ameamka na utani wake. Ujumbe ulisema: "Baba yetu amelala jana jioni. Mliomfahamu tuombeane." Mkewe alikuwa ametumia simu ya marehemu kuwaarifu wote waliokuwamo ndani yake, kama wafanyavyo wengi siku hizi, bila kufikiri kwamba huku upande wa pili mtu atamwona marehemu akijitangaza mwenyewe. Juu ya ujumbe huo palikuwa na alama nyekundu ya simu aliyonipigia siku tisa nyuma. Niliiona ikiita siku hiyo, nikadhani anataka kunisalimia tu, nikasema moyoni kwamba nitampigia jioni, na jioni ikaja na mambo yake. Nimewaaga watu wengi katika safu hii, wakubwa kwa wadogo, lakini sijawahi kukaa kumwandikia mtu huku naiogopa simu yangu.

Wengi wenu hamkumjua, na waliomjua hawakumjua kwa jina. Kibanda chake kilikuwa Dagoretti Corner, kimebanwa kati ya duka la dawa na ukuta, upana wake haukuzidi mlango wa chumba cha kulala. Hakuwa fundi wa vioo wala wa programu. Kazi yake ilikuwa tundu la kuchajia, basi, na nyuma yake ukutani aliegemeza ubao mmoja mkubwa uliowahi kuwa kichwa cha kitanda. Kwenye ubao huo alikuwa amepigilia misumari, mistari kwa mistari, na kila msumari umening'iniza waya wa chaja. Hakuzipanga kwa majina ya kampuni kama wanavyofanya madukani. Alizipanga kwa midomo. Palikuwa na mdomo wa sindano, mdomo wa sindano nono, mdomo wa kiatu, mdomo wa meno, na kule chini kabisa, mahali ambapo mkono wake haukwenda mara kwa mara, palikuwa na mdomo wa chura, mpana na bapa, wenye kucha mbili pembeni. Ukifika hakukuuliza hujambo wala simu yako ni ya aina gani. Alisema, "Nionyeshe mdomo," akaipindua simu, akapuliza vumbi, akafumba jicho moja akachungulia, kisha mkono wake ukaenda nyuma kwenye ubao bila yeye kugeuka. Sikuwahi kuuona ukikosea msumari.

Alitoka magharibi ya nchi, akapanga chumba mtaa wa Kabiria akiwa kijana na hakuhama tena, akiimba besi katika kwaya ya kanisa lililo nyuma ya nyumba yake. Mimi ni mzaliwa wa huku huku Dagoretti, kwa hivyo tulikuwa na utani wetu. Nikimtania kuhusu mapenzi ya watu wa kwao kwa kuku na ugali alinijibu kwamba afadhali yeye anayejua alikula nini, sisi wenyeji tuliuza mashamba ya baba zetu tukabaki na maneno, ndiyo maana mmoja wetu ameishia kuyauza gazetini. Aliniita mkubwa alipotaka kunicheka na mwandishi alipotaka kunisifu, na mara nyingi sikuweza kutofautisha.

Nilimfahamu kwa sababu ya mama yangu. Mama alipofariki tuligawana vitu vyake kama desturi ilivyo, dada zangu wakachukua vyombo na leso, mimi nikaangukiwa na simu yake iliyokuwa imefungwa ndani ya kitambaa cha kichwa. Ilikuwa imezima na chaja haikuonekana. Nilitaka tu namba za jamaa zetu ambao yeye peke yake ndiye aliyewasiliana nao, maana palikuwa na mambo ya ukoo ya kumaliza. Nikazunguka mjini, chochoro baada ya chochoro, duka la simu baada ya jingine, na kila muuzaji aliipokea simu ile kwa vidole viwili, akatabasamu, akanionyesha mpya. Ndipo jirani mmoja akaniambia niende Kona. Fundi aliichungulia, akasema, "Hii ni ya chura. Yangu ya chura ilikatika shingo. Niachie siku mbili."

Baada ya siku mbili nilimkuta amekiokoa kichwa cha ile ya chura na kukiunganisha na mkia wa chaja nyingine, akapaka gundi na kuzungusha utepe mweusi, na katikati ameweka kidude fulani cha kupunguza nguvu ya umeme ambacho alinieleza mara tatu bila mimi kuelewa. "Betri ya hii imevimba kama andazi," aliniambia. "Ukitoa waya inakufa hapo hapo. Lakini ikiwa kwa waya, inaishi. Na lazima uishikilie hivi na kidole, ukiiachilia inazima." Akaishikilia. Simu ikatoa mwanga wa kijani, ikaimba ule wimbo wake mfupi, wimbo ule ule niliokuwa nikiusikia jikoni kwa mama kila asubuhi.

Tukanakili namba. Alipokuwa akitafuta mahali zilipohifadhiwa nyingine, akafungua pasipohusika, akasema, "Kuna sauti moja hapa. Tuisikize?" Nikaitikia bila kufikiri. Ilikuwa sauti ya mama. Bila shaka alibonyeza kitufe cha kurekodi akidhani ananipigia mimi, maana hakuwahi kuzoea vitufe vile, na kwa muda wa dakika isiyotimia alizungumza nami kwa lugha yetu ya nyumbani. Nitawapa kwa Kiswahili. "Hallo? Ni mimi. Nimekuwekea ndizi, lakini ukichelewa Jumapili nitawapa watoto wa jirani, usije ukanuna. Hallo? Unanisikia? Huyu hasemi. Hallo?" Kisha kimya kidogo, na mlango wa kabati ukilia, halafu akasema taratibu, si kwangu tena, "Labda ana kazi." Ikaisha. Fundi hakuielewa lugha ile lakini alielewa vya kutosha, akageuza uso wake kuelekea barabarani akaanza kuwatazama wapita njia kana kwamba anawahesabu, na kidole chake hakikutoka kwenye waya.

Tangu siku hiyo nikawa na siri niliyomficha hata mke wangu. Kila baada ya wiki kadhaa nilipita Kona na ile simu mfukoni, nikaketi kwenye kigoda chake, yeye akatoa waya kwenye msumari wa chini na kuishikilia, nami nikasikiliza nikiambiwa kwamba labda nina kazi. Aliwahi kunipa waya niende nao nyumbani. Niliujaribu mara moja, nikasikia harufu ya kuungua, nikauchomoa kwa hofu na kesho yake nikaurudisha. Aliutundika tena, akauzungushia kipande cha utepe mweupe, akaandika kwa kalamu ya wino: MAMA MWANDISHI.

Sasa mtaniuliza, na mna haki, mbona sikuinakili sauti ile. Simu yenyewe haikuwa na njia ya kuitoa, lakini njia rahisi ilikuwapo na yeye ndiye aliyenionyesha siku ya kwanza kabisa. "Washa hiyo simu yako kubwa, weka hapa karibu, rekodi," aliniambia. "Dakika moja tu, mkubwa." Nikatazama pale Kona. Utingo walikuwa wakigombania abiria wa Ngong Road, pikipiki zikinguruma, mhubiri na spika yake upande wa pili akitutishia moto wa milele, na muuza nguo akiimba bei. Nikasema hapana, sitaki sauti ya mama yangu iingiliane na makelele haya. Nitakuja siku pametulia. Akacheka. "Hiyo kelele ni ya Kona, si ya mathe. Mathe anaskika tu poa." Mimi nikashikilia msimamo wangu, maana mimi ni mtu wa kutaka mambo safi, sentensi safi, shati safi, kumbukumbu safi. Akajitolea kufungua kibanda Jumapili alfajiri kabla ya kwaya, wakati Kona bado imelala. Jumapili ya kwanza mvua ilinyesha, nikaona niiache simu ile isije ikalowa. Jumapili ya pili alinisubiri kwa saa nzima, na mimi nilikuwa nimeamkia safari ya harusi, nimesahau kabisa. Nilipokwenda kumwomba radhi alisema tu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mkubwa, na tumbo ni lako," akaninyooshea kigoda.

Kisa cha pili ndicho kinachonisumbua zaidi, maana ndani yake nilikuwa na akili timamu na nguo nzuri. Palikuwa na kikao mjini, katika ofisi moja ya orofa ya tisa, cha kukusanya maoni kuhusu kuchagua tundu moja la kuchajia kwa vifaa vyote vya mkononi vinavyoingia nchini: simu, vipakatalishi vidogo, redio, taa, vipokea sauti, kila kitu kiwe na mdomo mmoja. Nilialikwa kwa sababu ya safu hii, nami nikaomba waalike na fundi mmoja ili isiwe suti zinazungumza na suti. Akaja amevaa suti yake ya harusi, na mgongoni amebeba ule ubao umefungwa kwa shuka la maua. Mlinzi mlangoni alimzungusha kwa robo saa akitaka kujua nyaya zote zile ni za nini, na mimi nilipita pembeni nikajifanya nasoma tangazo ukutani. Ndiyo, msomaji, nilijifanya simjui. Mwishowe alifika juu akitweta, akauegemeza ubao chini ya skrini yao nyeupe, na harufu ya gundi ikaenea chumbani.

Wataalamu walizungumza vizuri, na sitawakana leo. Walisema juu ya milima ya nyaya zinazotupwa, juu ya mzazi anayenunua simu akalazimika kununua na chaja yake, juu ya mgonjwa wodini aliyezimikiwa na simu huku amezungukwa na chaja sita zisizomfaa. Yote yalikuwa kweli. Mwenyekiti akamgeukia marehemu kwa upole, akamwuliza kama yeye, ambaye riziki yake inatokana na wingi wa midomo, anapinga. Akasimama. "Sipingi," alisema. "Mdomo moja ni sawa. Hata mimi nachoka. Mimi nauliza tu, hizi za kitambo zitakula wapi? Kwa sababu mtu hatupi simu juu ya kuzeeka. Kuna zingine ziko na watu ndani." Chumba kikaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa kile cha watu waliofurahi kupata kitu cha kusimulia wakati wa chakula cha mchana. Mimi nilicheka nao. Mimi niliyejua hasa alikuwa anamzungumzia nani, nilicheka, tena kwa sauti. Tukiwa tunashuka ngazi, yeye mbele na ubao wake, aliniuliza, "Walicheka nini?" Nikamwambia, "Walikupenda." Akafurahi, akasema watu wa ofisi si wabaya.

Wiki hiyo niliandika safu ambayo baadhi yenu mnaikumbuka, maana mlinipongeza sana. Nilisifu waya mmoja wa simu zote. Nilieleza jinsi zamani ulivyoweza kufika kwa shemeji yako Kabiria na simu ya sindano nyembamba, ukakuta nyumba nzima ni ya sindano nono, ukakata mawasiliano na dunia hadi kesho yake, na jinsi leo ukiwa popote, hata matangani, unaweza kuazima waya wa mtu usiyemjua na ukakutoshea. Hilo silifuti. Kuna udugu fulani katika kuazimana waya, na nchi yetu haina udugu mwingi wa kuchezea. Lakini sikuishia hapo. Nikawaambia mfungue droo zenu, mtoe yale matumbo ya nyaya, mtupe. Nikawaita wanaohifadhi chaja za zamani walinzi wa makaburi, nikajipenda kwa maneno hayo. Nikamtia na yeye humo bila kumtaja, fundi mmoja na safina yake ya misumari. Nilipopita Kona nilimkuta ameikata safu ile kwa uangalifu na kuibandika juu ya ubao. "Umeniandika vizuri," aliniambia, na siku hiyo aliniita mwandishi.

Nataka mjue pia habari ya Kitisuru, mtaa wa matajiri, kwa sababu alinisimulia mara moja tu na hakuirudia. Mama mmoja wa huko alimtumia gari, yeye na ubao wake, wapelekwe hadi nyumbani kwa sababu simu ya mumewe aliyefariki haikuwaka. Alikaa huko tangu asubuhi hadi saa nane akijaribu waya baada ya waya, na ilipowaka, mama yule hakutaka picha wala namba. Alitaka tu kuona salamu ambayo mumewe alikuwa ameiandika itokee kila simu inapofunguliwa. Akaisoma, akaizima, akaomba iwashwe tena, akaisoma. Fundi alirudi Kona na ubao wake. Aliniambia, "Nyumba kubwa vile, soketi iko kila ukuta, na hakuna mahali ya kuchomeka." Nilifungua daftari langu nikaiandika sentensi hiyo, nikidhani siku moja itanifaa katika safu ya kuchekesha.

Kisha maradhi yakamwingia, kifua kwanza, baadaye figo, akalazwa. Kibanda kikafungwa na ubao ukapelekwa nyumbani Kabiria. Nilikwenda kumwona hospitalini mara moja, nikamkuta amelala, nikamwachia maji ya matunda na kujisifu kwamba nimefika. Sikuuliza ubao uko wapi. Sikuona kama ni jambo la kuuliza.

Siku iliyofuata ile Jumanne nilikwenda matangani. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa uani, kwaya ikiimba wimbo ambao ulikosa besi, na wanawake wa jumuiya wakipakua chai na mkate. Mkewe alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniingiza ndani, akanikalisha kwenye kochi. "Karibu, mwandishi. Alikupenda sana," alisema. Ukutani, mbele yangu, palikuwa na alama kubwa ya mstatili, ukuta umechafuka kwa gundi na vumbi, na juu yake ile safu yangu iliyotoka kibandani imebandikwa tena. Nikauliza, "Na ule ubao, mama?"

"Tulitoa," alisema. "Wakati alikuwa amelazwa, kanisa ilitangaza siku ya kukusanya taka za umeme. Vijana walipita na mkokoteni, nyumba kwa nyumba. Hata mzee wa kanisa alisoma ile yako mbele ya watu, ile ya kufungua droo. Na mimi nikaona hizo nyaya zimejaza nyumba na mgonjwa anakuja kupumzika, si nikasema mwandishi mwenyewe amesema. Nikawaambia wabebe yote." Alinieleza hayo kwa shukrani, kama mtu anayemwonyesha daktari kwamba alifuata maagizo. Nikamwuliza mumewe alisema nini alipoona. Akaangalia ukuta. "Aliporudi alikaa hapo uko umekaa. Akaangalia tu. Mimi nilijua ataniuma na maneno, lakini hakunigombeza. Aliniuliza, 'Mwandishi alisharekodi?' Nikamwambia sijui ni nini unasema. Akaniambia nimpatie simu, akakupigia. Hukushika. Akasema, labda ana kazi."

Sijui kama niliweza kuficha uso wangu. Yeye akainuka, akaingia chumbani, akarudi na bahasha ya kaki. Alisema kwamba baada ya kunikosa, mumewe aliagiza koleo na gundi, akaketi kitandani kwa siku mbili, akiunga na kupumzika, akiunga na kupumzika. Ndani ya bahasha palikuwa na waya. Upande mmoja ulikuwa na pini bapa ya kisasa, ile moja tuliyoichagua sote, imeungwa vizuri na kuzungushiwa utepe mweusi kama zamani. Upande wa pili haukuwa na kitu. Zilikuwa nyuzi mbili tupu za shaba, zimepinda kidogo, na karibu nazo utepe mweupe wenye herufi zilizolegea: MAMA MWANDISHI. "Alisema hapo amekwama," mkewe aliniambia. "Alisema mdomo wa ile simu lazima auone tena ndio akate kitu ya kutoshea. Alikuwa anangoja ukuje." Kisha akaniangalia kwa macho yaliyochoka, akauliza, "Lakini ulikuwa umerekodi, si ndio? Hiyo kitu ilikuwa inamsumbua sana."

Nikasema, "Nilirekodi, mama." Akashusha pumzi. "Afadhali," alisema, akaenda kupokea wageni wengine waliokuwa wanaingia.

Najua unaisoma safu hii, mama uliyenikaribisha matangani, kwa kuwa ukuta wako umenishuhudia. Naomba unisamehe kwa jibu lile. Sikurekodi. Na tafadhali usijibebeshe mzigo usio wako, hukutupa chochote ambacho mimi sikuwa nimekitupa kabla yako, mbele ya nchi nzima, kwa maneno ya kujipamba. Mumeo alinipa njia siku ya kwanza, ya dakika moja, bure, na kidole chake mwenyewe kikiwa kwenye waya.

Tangu mazishi nimezunguka tena zile chochoro za mjini. Nilikwenda hata kwa waliokusanya zile taka, nikaambiwa kwa adabu kwamba nyaya zilikatwakatwa siku ile ile na shaba yake ikaondoka kwa magunia. Mafundi vijana wanaipokea simu ya mama kwa vidole viwili kama walivyofanya waliowatangulia. Mmoja, kijana mkarimu sana, aliichungulia kwa taa, akatikisa kichwa. "Hiyo mdomo iliisha kitambo, buda. Na hiyo betri itakulipukia. Wacha tu ipumzike." Nilimwonyesha ule waya wenye upande mmoja. Akausifu, akasema aliyeunga hapo alikuwa fundi kweli. Nikaurudisha kwenye bahasha yake. Siku hizi simu ya mama na waya ule hulala pamoja kwenye droo ya meza ninayoandikia hapa, na kuna nyakati mchana mweupe, nyumba ikiwa tupu, nahisi ile droo inaita, na mimi ndiye yule asiyeshika. Mke wangu ananiona nikiifungua na kuifunga. Nimemweleza yote. Akaniuliza mama alisemaje hasa kuhusu zile ndizi, na nilipojaribu kuiga sauti yake nikagundua kwamba maneno ninayo lakini mdundo wake umeanza kunitoka.

Kuchagua tundu moja kwa wote bado naona ni jambo jema, na mkiniita tena orofa ya tisa nitanyoosha mkono. Ila nitauliza swali lile alilouliza yeye, na safari hii sitacheka. Kila tunapokubaliana kwamba kuanzia leo mlango ni mmoja, kuna walio upande wa pili ambao hawatauweza mlango huo, na inatakiwa mtu abaki nyuma na ubao wake wa misumari hadi wa mwisho apite. Mtu huyo tulikuwa naye Dagoretti Corner. Tulimwona kichekesho.

Niliwaambia mfungue droo mtupe. Leo nawaomba mzifungue tena. Kama kuna simu kongwe yenye sauti ya mtu wenu, itoeni, mtafuteni fundi mzee kabla hajalazwa, mrekodi leo hii hii, matatu zikipiga honi, mhubiri akipaza sauti, mvua ikinyesha. Msingoje pawe na utulivu. Mimi nilingoja kimya, msomaji wangu, na kimya nimekipata.